Moyo wa Swala

Nyamizi alikuwa akichana nyama ya swala vipande virefu vya kukausha, lakini macho hayakubanduka njiani. Mumewe, Mihambo, alikuwa amerudi kutoka mawindoni peke yake.

"Kaka yangu umemwacha wapi?"

"Yuko nyuma, anakuja."

Hilo alikuwa akilisema tangu asubuhi, na sasa jua lilikwisha pita utosini.

Nyamizi alipoufikia moyo akautenga augawe, maana wawili waliowinda pamoja hula moyo mmoja, nusu kwa nusu.

"Usiukate, Mama Shija," Mihambo akasema. "Nichomee mzima."

Nyamizi akamtazama. Kisha akaukata katikati, nusu moja akaiweka kwenye sahani ya kaka yake, akaifunika kwa kawa.

Mihambo aliinuka. Akaenda mtungini kunawa mikono tena, kwa mara ya tatu.