Kisanduku cha Ajira

Kalamu ya karani wa takwimu ilisimama juu ya kisanduku cha "ameajiriwa". Hilo ndilo jibu alilolitoa fundi mitambo mara iliyopita.

Mkewe alikuwa kando, akichambua mchele. Kiwanda alichofanyia kazi fundi kilifungwa miezi saba nyuma, lakini kila asubuhi fundi aliaga kama mtu anayekwenda kazini, akashinda akizurura mjini. Leo karani alimwahi mlangoni.

"Wiki iliyopita ulifanya kazi, kaka? Walau saa moja?"

Fundi aliitazama ncha ya kalamu. Tone la wino lilikuwa limevimba, karibu kudondoka. Liwalo na liwe.

"Sina kazi. Hata mara ile nilikudanganya."

Akainamisha kichwa, akingoja kilio.

"Njia ya mwongo ni fupi, baba watoto," mkewe alisema, mkono ukiwa bado kwenye mchele, "ila yako imefika miezi saba. Kwani ovaroli zako anazifua nani? Hazina hata chembe ya grisi. Nilikuwa nangoja uchoke kutembea."

Karani aliguna. "Mtaa mzima mliniambia mna kazi. Nami nikapeleka takwimu hivyo hivyo."

Fundi alishusha pumzi ndefu, akaketi kizingitini, akaanza kufungua kamba za viatu.