Kipimo cha Mzee Mapana

Kwa jina la Mola aliyeumba mabawa kabla ya manyoya. Hekaya hii asili yake ni mijusi warukao, waliokuwapo kabla ya ndege.

Mzee Mapana, mkuu wao, alimpima kila kinda kwa bawa lake mwenyewe. Asiyelifikia alikatazwa kuruka. Chepe, aliyeanguliwa juzi, hakufika hata kwenye kiwiko.

"Babu, mbona naweza?"

"Kua kwanza, mdudu wewe!"

Siku hiyohiyo mamba akaingia korongoni mwao. Chepe, kwa hofu ya kuliwa, akapiga mabawa, akapaa. Mapana akatandaza yake, yakakwama kwenye kuta za mawe.

"Nibebe, mjukuu wangu!"

"Mimi mdudu tu, Babu," Chepe akajibu kutoka juu. "Bado sijafika kipimo."

Mamba akamla mzee pamoja na kipimo chake. Mola awajalie nyinyi mliosikiliza mabawa ya kuwatosha.