Jina kwenye Kisima

Bwana afya alisema kipimo kimeonyesha vijidudu vya kinyesi. Vyoo vya mtaa vilikuwa vinavujia kisimani, na watoto watatu waliozikwa wiki hiyo walikunywa maji hayo.

Kisima alikichimbisha Bi Zuwena, sadaka ya marehemu mwanawe Haidari, ili kila anayekunywa ampelekee thawabu kaburini. Jina lake lilichorwa kwenye saruji ya ukingo.

"Basi mwanangu siku zote hizi anapelekewa nini huko?" aliuliza.



Bi Zuwena akaleta kisu, akaanza kulikwangua lile jina. Nyuma yake wanawake, ambao hawakuwa na maji mengine, walishapanga ndoo.

"Taratibu, Bi Zuwena," mmoja alisema. "Vumbi litaingia kwenye maji."