Usukani wa Mtihani

Binti alishika usukani, akauachia kama aliyeshika kambare. "Baba! Umeupaka nini?"

"Mafuta ya kupikia, mwanangu. Ngozi ya usukani ilikuwa imekauka. Nimeisugua kwa sabuni, nikaimwagia vikombe viwili, mtahini akiona ajue umetoka kwa watu."

"Mtihani wa udereva huu, Baba, na ni mara yangu ya nne! Si nilikuachia chupa ya mafuta ya ngozi?"

"Yale yananuka. Futa kwa gauni, acha kelele."

Alifuta mpaka gauni likafaa kukaangia. Ngozi ikazidi kutoa jasho.

Baba akashuka, mtahini akapanda, akafunga mkanda. Gari likaondoka.

"Kata kulia."

Mikono yote miwili ikakata kulia. Usukani ukabaki palepale, umeelekea ukuta wa ofisi ya mtahini.