Mlo wa Langoni

"Chakula ya nje haiingii, mathe," soja alisema, akimwonyesha Scovia pipa la takataka kando ya lango. "Mwaga hapo, muingie."

Ndani ya bustani ya burudani, bembea zilikuwa zikizunguka juu ya ufuo wa Homa Bay. Watoto wake watatu walikuwa wamezizungumzia njia nzima kutoka Kegonga. Scovia alisoma bango la sheria mara mbili, polepole. Lilisema hivyo kweli. Lakini halikusema mtu amwage chakula watoto wake wakitazama, watoto aliowafundisha kuokota hata punje ya wimbi iliyoanguka.

Hasira ilimpanda, ila sauti haikupanda. Alitandika leso papo hapo langoni, akafungua sufuria. Ugali wa wimbi ulikuwa bado una joto, na mafuta ya kuku yaling'aa juu ya vipapatio. Akawamiminia watoto maji ya kunawa, akianza na kitindamimba.

"Mathe, unafunga njia. Watu wanangoja."

"Nao wanawe mikono. Kwetu mtu hasimami akitazama wengine wakila." Akainua jagi. "Hata wewe. Tangu asubuhi umekula nini?"

Nyuma ya soja mlango wa ofisi ulifunguka, na meneja akatoka akija mbiombio. Soja aligeuka kumtazama, kisha akaitazama sufuria.

"Leta mikono," Scovia alimwambia. "Huyo naye atanawa."