Isale kwa Zimwi

Vedastus alikuwa amevaa koti refu la marehemu, uso umepakwa masizi, pembe za mbuzi kichwani. Alikuwa tayari kumrukia binti aliyeigiza naye filamu, bibi mwenye kihamba, shamba lile la nyumbani, alipotokea migombani na jani la isale mkononi.

Koti lilikuwa la mumewe; wapiga filamu waliliazima kwa mjukuu wake. Bibi hakuambiwa.

Alipiga magoti mbele ya zimwi. "Mzee wangu, uliniomba pombe ya mbege nikakunyima, na kesho yake ukafa. Nisamehe."

"Mrukie na yeye!" mwongozaji alinong'ona nyuma ya kamera. "Hapo hapo, bwana!"

Lakini Vedastus alizaliwa Uru, Uchaggani. Huko anayeletewa isale lazima asamehe, hata akiwa na pembe. Jani lilikuwa bichi, limepigwa fundo.

Akanyoosha kucha zake za plastiki, akalipokea.

"Nimekusamehe, mke wangu," alisema kwa sauti nzito ya zimwi.

Bibi aliinuka, akajipangusa magoti, akamtazama kuanzia pembe hadi ndala.

"Asante. Sasa livue hilo koti, umelichafua. Halafu uje jikoni, mbege ipo."