Robota la Herufi

Kidole cha Zamda kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta, na mama kutoka Kwedizinga alikuwa amesimama nyuma yake.

Kompyuta ya mradi wa utafiti, pale Korogwe, ilikuwa imejaa pomoni. Mkuu wa mradi alisema mafaili ya vinasaba vya watoto waliofariki yafutwe, walio hai wapate nafasi. Zamda hakukubali. Asubuhi nzima alikuwa akiyabana mafaili yao yawe madogo, na sasa ilibaki kufuta yale makubwa ya mwanzo.

"Na mwanangu umembana?"

Kabla mtoto hajafariki, mama alikubali damu yake ichukuliwe kwa sharti moja tu, isitupwe.

"Ndiyo, mama. Vinasaba vyake ni herufi nne tu, zinajirudia mara mamilioni. Alipofanana na wenzake nimeandika mara moja kwa wote. Alipokuwa tofauti nao, nimemwandika peke yake."

"Marehemu mume wangu alikuwa akibana katani kuwa marobota, kabla shamba halijauzwa. Robota likitoka mashineni walilipima tena. Wewe umepima?"

Zamda aliondoa kidole. Hakuwa amepima.

Akalifungua faili la mtoto lililobanwa, akalilinganisha na lile la mwanzo herufi kwa herufi. Walingoja, feni ya kompyuta ikivuma. Kioo kikaandika: tofauti, sifuri.

"Yupo kamili, mama." Akafuta la mwanzo.

Mama hakuondoka. "Hapo alipokuwa peke yake, nionyeshe."

Zamda akamwonyesha herufi moja kwenye kioo.

Mama hakujua kusoma. Alifungua pindo la kanga, akatoa kadi ya kliniki ya mtoto, akaomba kalamu aichore herufi ile.